Saa Mbili na Dakika Saba

"Usiniambie hivyo, mwanangu. Niambie kingine chochote, lakini usiniambie hivyo."

Simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega, na mikono yote miwili ilikuwa ubaoni. Upande wa pili mhudumu alikuwa akiongea kwa kwikwi: mtoto amechemka tangu jana, wako kliniki, foleni imetoka nje mpaka barabarani. Mratibu alimsikiliza huku macho yake yakitembea juu ya kadi. Zilikuwa kadi arobaini na moja, moja kwa kila mzee au mgonjwa aliyehudumiwa nyumbani kwake, zimepangwa kwa safu chini ya majina ya wahudumu. Wahudumu walipaswa kuwa tisa. Tangu Jumatatu walikuwa sita. Sasa, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi ya Alhamisi, walikuwa watano.

"Haya, kaa na mtoto," alisema. "Mpe pole. Na wewe pole. Huku tutajibana."

Kujibana ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kwenye barua ya ajira iliandikwa mratibu wa huduma za nyumbani, lakini wahudumu walimwita Mama Ratiba, na wengine, wakidhani hasikii, walimwita Mama Banabana. Hakuwalaumu. Yeye mwenyewe alikuwa mhudumu kwa miaka kumi na mmoja. Aliinua watu kutoka vitandani, akawageuza, akawaogesha, akawabeba hadi chooni, mpaka siku moja mgongo ulipogoma akiwa ameinama juu ya beseni la maji ya moto, akashindwa kunyooka. Ofisi ikampa meza, simu na ubao. Kila mwaka daktari alimkumbusha kwamba mgongo ule hautainua tena hata ndoo. Kwa hiyo meza ile ilikuwa meza yake ya mwisho, naye alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Alichukua kadi sita za mhudumu aliyekosekana akaanza kuzigawa. Mwenye sindano ya sukari hakuna kumgusa. Mwenye kidonda cha mgongoni hakuna kumgusa. Bibi wa ghorofa ya tatu, ambaye akicheleweshewa robo saa hupiga simu mpaka kwa mkurugenzi, naye pia hakuna kumgusa, ingawa ugonjwa wake mkubwa ulikuwa ni ulimi. Safu zikajaa. Zikabaki kadi mbili mkononi zisizo na pa kukaa. Hapo jicho lake likafanya lilichozoea kufanya: likatafuta vitone.

Vitone vilikuwa siri yake. Miaka mitatu nyuma alileta kutoka nyumbani vibandiko vidogo vya kijani, vilivyosalia kwenye vifaa vya shule vya binti yake, akabandika kimoja kimoja pembeni mwa kadi ya kila mtu anayeweza kusubiri saa moja bila kudhurika. Ilikuwa akili nzuri, na siku za mwanzo iliokoa watu. Kisha kitone kikaanza kubadilika maana pasipo mtu kukigusa. Mwenye kitone akawa mtu anayeweza kusubiri mpaka mchana. Baadaye akawa mtu anayeweza kurukwa siku moja. Mwishowe, kama angethubutu kujiambia, kitone kilikuwa na maana moja tu: huyu halalamiki.

Mkono wake ukaenda kwenye kadi namba kumi na saba. Fundi Saa. Miaka themanini na moja, anaishi peke yake. Ziara moja kwa siku, saa mbili asubuhi, dakika arobaini: kuogeshwa, vidonge, kifungua kinywa, kusindikizwa chooni. Kitone cha kijani.

Jumatatu alipomruka alimpigia simu kumwomba radhi.

"Mzee, leo msichana amekwama."

"Amekwama wapi, kwenye matope?" Fundi Saa alicheka. "Mpeleke kwa mgonjwa wa kweli, mwanangu. Mimi nimezeeka tu, na uzee haujapatiwa dawa."

Jumanne alipiga tena. "Basi leo nitaoga kama paka," mzee alisema. Jumatano alinyamaza kidogo kabla ya kujibu, na mratibu akasikia saa zake nyuma yake, nyingi, kila moja na mwendo wake. "Sawa, mwanangu. Mko wachache. Najua."

Siku ya nne, Alhamisi hii, hakupiga. Aliutazama mkono wa simu, akaona haya. Simu nyingine ikalia, akaishukuru moyoni, akaipokea. Kadi namba kumi na saba aliiweka kwenye droo.

Saa tano na robo akapiga simu dobi wa mlango wa pili kwa Fundi Saa. Alikuwa amepeleka shuka za mzee, akabisha hodi, akasikia mtu akigonga sakafu kwa kijiko.

"Nimemkuta chini, mama. Karibu na jiko. Gari la wagonjwa limeshakuja limemchukua. Mguu umegeuka vibaya, sijui nyonga. Midomo imekauka kama gome." Dobi alivuta pumzi. "Lakini alikuwa nadhifu, ungemwona. Shati safi, amefunga vifungo mpaka cha shingoni, kama mtu anayesubiri mgeni. Kwani wenu hawakuja leo?"

Mratibu alifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Nakuja sasa hivi."

*

Utaratibu ulikuwa hivi: mzee akilazwa, daftari la nyumbani kwake huchukuliwa siku ileile na kupelekwa ofisini. Kila nyumba ilikuwa na daftari lake, limewekwa mahali panapoonekana, na kila mhudumu alipaswa kuandika saa ya kufika, kazi aliyofanya, saa ya kuondoka, na kutia sahihi. Ubao wa ofisini haukuwa na kumbukumbu. Kadi za leo zikihamishwa, za jana hazijulikani tena. Daftari ndilo lililokuwa shahidi.

Mratibu alichukua ufunguo namba kumi na saba ukutani. Mlangoni kwa Fundi Saa alimkuta mhudumu wa mzee, msichana mwembamba waliyemwita Chapuchapu kwa mwendo wake. Dobi alikuwa amempigia na yeye. Alikuwa bado amevaa aproni ya nyumba ya pili.

"Mama, nimewakimbia wengine. Nitalipia muda huu. Atapona?"

"Tuingie kwanza."

Kilikuwa chumba kimoja kirefu. Upande wa nyuma kitanda na jiko. Upande wa mbele, chini ya dirisha linalotazama barabara, meza ya ufundi yenye vidroo, koleo ndogondogo, na saa za mkono zilizolala chali kwenye kitambaa. Watu walikuwa wameacha kuleta saa tangu mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka, lakini yeye hakuifunga meza. Ukutani palikuwa na saa kubwa ya mbao, imegeuziwa dirisha. Wapita njia wa mtaa ule walizoea kuchungulia na kurekebisha saa zao kwa hiyo. Mzee aliitia ufunguo mara moja kwa wiki, na katika miaka arobaini, alivyopenda kusema, ilikosea siku moja tu, siku aliyofiwa na mkewe, kwa sababu aliisimamisha mwenyewe.

Jikoni, birika lilikuwa limelala ubavu. Maji yalikuwa yamekauka sakafuni yakaacha ramani.

Daftari lilikuwa pale pale juu ya kabati. Mratibu alilifungua akiwa tayari kuona siku nne tupu. Hazikuwa tupu.

Kurasa za nyuma zilikuwa na mwandiko wa Chapuchapu: saa mbili kamili, saa mbili kamili, saa mbili kamili. Wahudumu wote huandika hivyo, wafike kabla, wafike baada. Lakini kuanzia Jumatatu mwandiko ulibadilika, ukawa wa kutetemeka, ingawa mistari ilinyooka kama imepigiwa rula.

*Jumatatu. Saa mbili na dakika nne. Amefika. Ameogesha vizuri. Ameondoka saa mbili na dakika arobaini na tatu.*

*Jumanne. Saa moja na dakika hamsini na nane. Amefika mapema. Chai nzuri.*

*Jumatano. Saa mbili na dakika kumi na moja. Amefika. Amesimulia habari za watoto wake.*

*Alhamisi. Saa mbili na dakika saba. Amefika. Leo ana haraka, lakini mpole.*

Na kwenye nafasi ya sahihi, mara nne, herufi za Chapuchapu zimeigwa kwa subira, kama mtu anavyochonga jino la gurudumu la saa.

Mratibu alikaa kwenye kiti cha ufundi. Mtu aliyeishi maisha yake yote na saa za watu hawezi kuandika saa mbili kamili kama si saa mbili kamili, hata anapodanganya.

"Mama," Chapuchapu alinong'ona begani kwake, "mimi sikuja."

"Najua."

"Uliniambia niende kwa yule mwenye kidonda."

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuhamisha."

"Sasa hii sahihi si yangu! Wakiniuliza nitasema nini? Nina watoto wawili, mama, nisimwagiwe unga kwa kitu ambacho..."

"Hakuna atakayekuuliza." Alisema hivyo ili amtulize, kisha akagundua kwamba ni kweli: daftari lilikuwa limejaa.

Kisanduku cha vidonge chenye vyumba saba kilikuwa mezani. Jumatatu hadi Alhamisi, tupu. Mratibu alishangaa, maana mzee hakuwa na nguvu za vidole kufungua vile vifuniko bila kusaidiwa; labda kwa koleo. Akazitazama koleo. Kando yake palikuwa na kopo dogo la bati la kuwekea skrubu. Alilitikisa; likatoa sauti isiyo ya skrubu. Ndani, katikati ya vyuma vidogo kama mbegu, mlikuwa na vidonge vyeupe vinane, viwili vya kila siku.

Alivijua. Ni vya kutoa maji mwilini. Ukivimeza, baada ya nusu saa lazima uende chooni, na choo cha mzee kilikuwa nje, ngazi mbili chini. Bila mtu wa kumshika mkono asingefika. Kwa hiyo hakumeza. Na ili asihitaji choo, hakunywa maji pia. Siku nne alijikausha mwenyewe, akafunga vifungo vya shati hadi shingoni, akakaa kumsubiri mtu mpaka saa mbili, na mtu asipokuja akachukua kalamu akamleta kwenye karatasi.

Mratibu alilifunga kopo, akalitia mfukoni.

*

"Daftari limetuokoa," alisema meneja.

Alikuwa kijana wa kumzaa, mwenye shati lililopigwa pasi na tabia ya kufunga milango taratibu. Alipekua kurasa zile nne kwa kidole kimoja.

"Huu si mwandiko wa msichana," mratibu alisema.

"Mama, mimi si mtaalamu wa miandiko. Saa ya kufika ipo, ya kuondoka ipo, sahihi ipo." Akamsogezea fomu. "Kesho saa nne kuna kikao wodini. Atakuwepo afisa wa ustawi na binti wa mzee. Wewe unatia sahihi hapa kwamba ziara zote zilifanyika."

"Na mzee?"

"Mzee anakwenda makao."

Alilijua jibu kabla hajauliza, kwa sababu kanuni ile aliwahi kuwafundisha wahudumu yeye mwenyewe. Mzee akianguka kwa sababu ziara zilikosekana, kosa ni la ofisi: akipona anarudi kwake na anaongezewa ziara. Lakini mzee akianguka ilhali ziara zote zilifanyika, basi nyumba imemshinda. Jina lake linafutwa kwenye huduma, ufunguo unarudishwa kwa ndugu, naye anapelekwa makao ya wazee, vitanda kumi na viwili kwa chumba. Alikuwa ameyaona makao yale. Mle ndani hakuna dirisha linalotazama barabara.

"Bosi, hakuna aliyekwenda. Siku nne. Mimi ndiye niliyemruka."

Meneja aliinuka akaufunga mlango, taratibu.

"Sikukusikia," alisema. "Na nakuomba, mama, nisikusikie tena. Nani aliyekuruhusu kumruka mzee siku nne? Si mimi. Ukilisema hilo kesho, mimi sina pa kukuweka. Kuinua huwezi. Nikupeleke wapi?" Hakusema kwa ukali. Ndilo lililomuuma zaidi. "Nenda kapumzike. Tia sahihi kesho, mbele yao. Ina uzito zaidi."

Jioni ile, wenzake walipoondoka, mratibu alisimama mbele ya ubao akaanza kubandua vitone. Vilikuwa kumi na vitatu. Alivibandua kimoja kimoja kwa ukucha, akavikunja ndani ya karatasi, akavitupa. Kisha akarudi nyuma hatua mbili kuutazama ubao uliotakata, na macho yake, bila kuombwa, yakaenda moja kwa moja kwenye kadi zile zile kumi na tatu.

*

Ijumaa alifika wodini saa tatu, saa nzima kabla ya kikao. Fundi Saa alikuwa amelazwa kwa mito, mguu umefungwa, mrija mkononi. Alikuwa amepungua, kama nguo iliyosahauliwa kwenye maji. Lakini macho yalikuwa yale yale.

"Mama Ratiba mwenyewe!" alisema. "Leo umekuja bila kadi."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Usisimame na mgongo wako huo."

Mratibu alikaa. 

"Nimesoma daftari, mzee."

"Aa." Akatazama dari. "Mwandiko umekuwa mbaya siku hizi."

"Kwa nini ulifanya vile?"

"Ungeulizwa. Siku tupu, si ungeulizwa wewe? Nikaona, kuandika mistari minne kuna hasara gani? Wino ninao."

"Mzee, nisikilize." Akasogeza kiti. "Daftari likisema tulikuja, wanakupeleka makao. Hurudi nyumbani. Umeelewa?"

Hakuwa ameelewa. Alielewa sasa. Mratibu aliona habari ile ikimwingia polepole: kwanza kwenye macho, kisha kwenye vidole, ambavyo vilianza kusugua ukingo wa shuka kana kwamba vinatafuta skrubu iliyoanguka.

"Na wewe ukisema hamkuja?"

"Unarudi kwako. Mguu ukipona."

"Nimekuuliza wewe. Watakufanyaje wewe?"

Mratibu aliutazama mrija. Mzee akatikisa kichwa, kidogo tu, kama fundi aliyeweka saa sikioni akasikia kinachoisumbua.

"Mimi nitasema," mratibu alisema. "Nimekwisha kuamua. Nyamaza tu, mzee. Niachie mimi."

Kabla hajajibu, mlango ukafunguliwa. Binti yake alikuwa ameingia, mwanamke wa makamo aliyetoka mji mwingine kwa basi la alfajiri, begi bado begani. Alikuwa mtu wa kupiga simu kila Jumapili, na mara mojamoja katikati ya wiki, na kila mara baba yake alimwambia yu mzima. Alimshika baba mkono, akamtazama mratibu.

"Wewe ndiye wa ile ofisi? Baba yangu anakauka kama samaki na nyinyi mnaingia na kutoka kila siku, hamna macho?"

"Mama, polepole," mzee alimwambia bintiye.

"Sina polepole, baba! Daktari anasema hujala wala hujanywa siku kadhaa!"

Saa nne walikusanyika hapo hapo kitandani, kwa kuwa mzee hakuweza kusogezwa: afisa wa ustawi na faili lake, meneja na shati lake, binti, mratibu. Afisa alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye miwani ya kamba, anayeongea kama mtu mwenye vikao vingine vinne kabla ya jioni. Akasoma mistari ya daftari kwa sauti. Chai nzuri. Leo ana haraka, lakini mpole. Akauliza kama ofisi inathibitisha.

"Mratibu wetu atatia sahihi," alisema meneja, na kalamu ikawekwa juu ya fomu.

Mratibu hakuishika. Alitoa kopo la bati mfukoni akaliweka juu ya fomu.

"Si kweli," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, akaipandisha. "Hakuna aliyekwenda. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Tulikuwa wachache, nami nikamruka yeye siku zote nne kwa sababu halalamiki. Mwandiko huo ni wa mzee mwenyewe. Na hivi ndivyo vidonge alivyotakiwa kupewa. Vihesabuni."

 Meneja alitazama viatu vyake. Binti alitazama kopo, kisha mratibu, kisha baba yake, na uso wake ukaanza kuvunjika vipande vipande.

"Baba? Ulikaa siku nne peke yako? Na Jumatano mimi nilikupigia, ukaniambia umeshiba?"

Fundi Saa alimtazama mwanawe. Kisha akajiinua juu ya mto, akavuta kola ya gauni la hospitali hadi shingoni.

"Huyu mama amechoka," alisema. "Mnamfanyisha kazi za watu kumi, sasa ameanza kujitwisha hata makosa yasiyokuwapo. Walikuja. Kila siku."

"Mzee," mratibu alisema.

"Walikuja. Yule binti mwembamba, mwenye haraka. Alinieleza habari za watoto wake." Akamgeukia afisa. "Na vidonge hivyo ni vya zamani. Mimi huvitumia kusafishia vyuma."

Afisa aliinua miwani. "Una hakika, baba?"

"Miaka arobaini watu wa mtaa ule wanaweka saa zao kwa saa yangu. Nikikwambia mtu alifika saa mbili na dakika saba, alifika saa mbili na dakika saba."

 Meneja alivuta pumzi ndefu, akasema kwa upole kwamba mama amekuwa na wiki ngumu, kwamba ofisi itampa siku mbili apumzike, na kwamba kwa kuwa mteja mwenyewe amethibitisha, sahihi ya meneja inatosha. Akatia. Afisa akaandika mistari yake mitatu. Binti akasikika akiuliza, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo na kupewa mwingine, kama makao yanaruhusu wageni siku za Jumapili.

Walipotoka kufuata karatasi nyingine dirisha la mapokezi, mratibu alibaki.

"Kwa nini, mzee?" Alikuwa akilia, na hakujifuta. "Nilikwisha kusema. Yalikuwa yamekwisha. Ungerudi kwako."

"Nisemeje mbele yake?" Sauti ya mzee ilikuwa imechoka sasa, haikuwa na mzaha. "Kwamba nilioga mwenyewe kwa kitambaa, nikavaa shati, nikakaa namsubiri mtu, na mtu hakuja? Siku nne? Anione hivyo mwanangu?" Akafumba macho. "Mgonjwa nakubali. Mzee nakubali. Lakini mtu ambaye hakuna anayemjia, hapana. Hilo mniachie."

 Mratibu alichukua kopo la bati, akalirudisha mfukoni.

"Kesho Jumamosi," mzee alisema, bado macho yamefumbwa. "Saa ya ukutani inatiwa ufunguo Jumamosi. Mara kumi na nne. Usizidishe, utakata kamba yake."

*

Jumamosi mratibu alifungua mlango kwa ufunguo namba kumi na saba, ambao Jumatatu ungerudishwa kwa binti. Birika alilisimamisha. Sakafu akaifuta kwa mguu na kitambaa, maana kuinama hakuweza. Kisha akapanda juu ya kigoda, akafungua mlango wa kioo wa saa, akatia ufunguo. Moja, mbili, tatu. Ilipofika kumi na nne, akaacha.

Akakaa kwenye kiti cha fundi. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wake. Ofisi haikulihitaji tena. Alilifungua kwenye mstari ulio chini ya Alhamisi, akainua macho kutazama saa, akaandika:

*Jumamosi. Saa mbili na dakika kumi na tisa. Amefika.*

Kwenye nafasi ya kazi iliyofanyika kalamu ilisimama. Simu yake ilianza kutetemeka juu ya meza, ikisogea kidogokidogo katikati ya saa za watu. Ilikuwa namba ya Chapuchapu. Saa hizi Chapuchapu hakuwahi kupiga kwa habari njema.

Nje ya dirisha mwanamume mmoja mwenye haraka alisimama. Hakumwona mwanamke aliyekaa ndani. Alitazama ukutani, akanyanyua mkono wake, akazungusha kitufe cha saa yake mbele kwa dakika mbili, akaenda zake.

Simu ilikuwa bado inatetemeka.